Shule Zilipofungwa, Tulikwenda kwa Bibi

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za elimu na diakonia za sharika, mbele ya wageni wetu kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Yamechapwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Nilipoombwa kusema juu ya malezi na elimu ya mtoto nyumbani, nilianza kuandaa mada kama tulivyozoea: utangulizi, mafanikio, changamoto, mapendekezo. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne mke wangu alipousoma akaniuliza, "Baba, hii si ile ya mwaka juzi?" Kweli ilikuwa ile ya mwaka juzi, nimebadilisha tarehe tu. Kwa hiyo nimeiacha ofisini, na badala yake nitawasimulia safari moja. Wanaopenda mada yenye vipengele wanisamehe.

Safari yenyewe ni ya Juni 2020. Mnaukumbuka mwaka ule. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila mwenye mtoto alikuwa mwalimu, apende asipende.

Nyumbani kwetu Morogoro tulidhani tumejiandaa vizuri. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Binti yetu alikuwa darasa la saba, mtihani wake ukimngojea Oktoba, na wakati huo huo alikuwa katika mafundisho ya Kipaimara. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa la tatu. Mama yao alibandika ratiba ukutani, saa mbili hisabati, saa tatu Kiswahili, saa nne uji. Redio na televisheni nazo zilikuwa na vipindi vya masomo. Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda. Wiki ya tatu yule mdogo aliweka kalamu chini akasema, "Mama, hapa si shule, hapa ni adhabu."

Niwaeleze kidogo wageni wetu, maana jana wakati wa chai lilizuka swali hili. Kwa ndugu zetu wa Marekani, kumfundisha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka shule ni uamuzi wa familia, na tangu mwaka 1993 unaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50. Kwa ndugu zetu wa Ujerumani sheria inamtaka mtoto aende shule, na mzazi anayekataa anaweza kutozwa faini. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, nami sikuja hapa kumshawishi mtu yeyote amtoe mtoto shuleni. Ninyi wajumbe mnajua tulivyohangaika kufyatua matofali ya madarasa. Nasema tu kwamba sisi Walutheri hatuna sababu ya kushangaa tukiambiwa nyumba ni shule. Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji mwaka 1524 waanzishe shule, lakini alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 alieleza kwamba mafundisho yale ni ya mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Na Kumbukumbu la Torati sura ya sita, inapotaja mahali pa kumfundishia mtoto, haitaji darasa. Inataja nyumba na barabara.

Sasa, mama yangu mzazi anaishi Ukinga, wilaya ya Makete, upande wa Tandala. Mimi nimezaliwa huko. Binti yangu alikuwa amefika huko mara moja akiwa na miaka minne, na mdogo wake hajawahi kabisa. Kila mwaka palikuwa na sababu: semina, wageni, tathmini ya mradi, fedha. Mwezi Mei mama alipiga simu, nikamwambia watoto wako nyumbani hawana shule. Akasema, "Basi walete. Huku shule haijafungwa."

Nitakuwa mkweli: tuliogopa. Mama alikuwa na zaidi ya miaka sabini na kifua chake si kizuri, hasa miezi ya baridi. Tukisikia wazee ndio wanaodhurika zaidi, tukajiuliza, tunampelekea wajukuu au tunampelekea ugonjwa? Tuliomba ushauri kwa muuguzi mmoja wa usharika wetu. Akasema tukienda tusilale nyumba moja naye, tukae nje tunapozungumza, tunawe mikono, na hilo liendelee kwa majuma mawili. Nilimweleza mama sharti hilo nikitumaini atakataa. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mtalala kwa kaka yako." Nyumba ya kaka yangu ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi, ikihifadhi viazi vya mbegu.

Tuliondoka Morogoro alfajiri. Mama yao alimpa kila mtoto daftari moja jipya la kurasa 96, akaweka sheria moja: mtu akiuliza swali, lazima aliandike swali hilo na jibu alilopewa, na aliyelijibu. Hayo madaftari mawili ndiyo matumizi yote ya "mradi" huu ukiondoa mafuta ya gari. Nawaambia wafadhili mapema ili wasitafute stakabadhi.

Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na penye hifadhi pana kibao kinachoonyesha faini ya kugonga kila mnyama. Yule mdogo alitusomea kibao kizima, akapiga hesabu ya mtu atakayegonga nyati wawili na ngiri mmoja, kisha akauliza, "Na mtu?" Swali hilo limo katika daftari lake mpaka leo na mbele yake hapakuandikwa jibu. Ruaha Mbuyuni mama yao alifundisha vipimo kwa magunia ya vitunguu yaliyopangwa kando ya barabara, na wauza vitunguu wakamsaidia kuliko alivyotaka. Tukapanda Kitonga nyuma ya malori, taratibu, harufu ya breki ikiingia ndani ya gari. Hapo hatukufundisha kitu, tulisali tu.

Kabla ya kufika Iringa tulisimama Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa lilikishambulia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Mnara uliopo uliwekwa kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Nilieleza hayo kwa fahari ya mwalimu wa historia, nikaendelea mpaka kifo cha Mkwawa mwaka 1898 na fuvu la kichwa lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Binti yangu akaniuliza Wahehe waliokufa siku ile majina yao yako wapi. Nikamjibu kwamba ndugu zao walijua walipowazika, ila mnara hawakujengewa. Akaandika. Wageni wetu wa Ujerumani, mimi sina ugomvi na mnara ule. Nawaeleza tu kwamba mtoto wa miaka 13 alikuwa ameanza kutazama nani anaandikwa na nani haandikwi, na baba yake, mwenye shahada na ofisi, hakung'amua kwamba swali lile lilikuwa njiani kumfuata.

Tulilala Iringa. Siku ya pili Makambako tuliiona reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Makambako niliipita haraka. Mke wangu aliliona hilo. Njombe tulinunua masweta ya mitumba, maana watoto wa Morogoro hawakuwa wameamini nilipowaambia juu ya baridi ya Juni. Kutoka hapo kwenda Makete ujenzi wa lami ulikuwa bado unaendelea, kwa hiyo kwa sehemu tulikula vumbi, na tuliingia kwa mama jua likizama tukiwa wekundu kama matofali.

Alikuwa amesimama uani na khanga mbili mabegani. Hatukukumbatiana. Watoto wakasema shikamoo Bibi wakiwa mbali, kama hatua sita, naye akajibu marahaba, akageuka upande akafuta macho. Kisha akaweka ufunguo juu ya jiwe, akarudi nyuma, nami nikauchukua.

Kaka yangu alinitangulia kwa miaka kumi na moja. Kama Wakinga wengi alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa na duka Makambako, la sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vitenge. Mwaka 1994 alijenga nyumba ile ya matofali ya kuchoma na bati pale nyumbani, ya kwanza ya aina hiyo katika ukoo wetu. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika duka lile. Alifariki Machi 1998. Mimi nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, na barua ilinifikia amekwisha kuzikwa siku kumi na moja. Barua haikusema alikufa kwa nini. Nilijua tu.

Watoto wangu niliwaambia baba yao mkubwa alikufa kwa ajali ya gari. Sikukaa nikapanga uongo huo. Binti yangu aliuliza akiwa na miaka sita, tukiwa mezani na wageni, nikajibu hivyo. Baada ya hapo ajali ile ikawa imetokea.

Siku ya tatu mvua nyepesi ya ukungu ilituzuia ndani. Nyuma ya mifuko ya mbegu watoto walipata sanduku la bati, na ndani yake daftari la madeni la duka. Mke wangu alifurahi sana, mwalimu ni mwalimu. Akamwambia binti ajumlishe madeni ya mwaka mmoja, atafute wastani wa kila mwezi. Lilikuwa zoezi zuri kuliko yote tuliyofanya tangu Machi: sabuni mche mmoja, chumvi, mafuta ya taa chupa moja, jina la mdaiwa, amelipa nusu. Binti akafika kurasa za mwisho. Mwandiko ulibadilika. Kwanza ukawa unaenda upande, halafu ukawa mwandiko mwingine kabisa, wa mviringo, wa mke wake. Halafu mwezi Machi kurasa zikawa tupu.

Alitoka nje na daftari mkononi. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa jiko lake, anamenya viazi. Nilikuwa katikati ya uani, natengeneza mpini wa jembe, nikasikia kila neno.

"Bibi, baba mkubwa alipata ajali akiwa bado anauza dukani?"

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Ajali gani?"

Hakuna aliyejibu. Akaweka kisu chini. "Mjukuu wangu, baba yako mkubwa alikufa kwa UKIMWI. Mke wake akamfuata mwaka 2000. Na mtoto wao mdogo mwaka 2001, alikuwa hajatimiza miaka minne. Makaburi yao ni yale matatu pale chini ya miti, na la nne ni la babu yako. Nenda ukayaone, kisha urudi unisaidie viazi."

Ndugu wajumbe, mimi nimeendesha semina za kupambana na unyanyapaa tangu mwaka 2006. Baadhi yenu hapa mmepewa vyeti nilivyotia sahihi. Nimesimama katika sharika zenu nikawaambia wazazi kwamba siri inaua, kwamba tuzungumze na watoto wetu ukweli kwa lugha wanayoielewa. Niliandika hata kijitabu. Na muda wote huo, mezani kwangu, kaka yangu aliyenisomesha alikuwa amekufa kwa ajali ya gari.

Jioni binti yangu alinijia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na daftari lake. Akaniuliza, "Baba, niandike ni nani aliyejibu mara ya kwanza?" Nikamwambia, andika ni mimi. Akaandika.

Usiku, tukiwa tumezunguka moto uani kwa umbali wetu ule wa korona, nilimwomba mama radhi. Yeye naye akasema jambo ambalo sikulijua. Kaka alikuwa mgonjwa mwaka mzima wa 1997, na ni yeye mwenyewe aliyekataza nisiandikiwe, nisije nikaacha shule kurudi kumuuguza. "Nilikuficha," mama akasema, "lakini nilikuficha kwa ajili ya mtihani, na mtihani una siku ya kuisha. Wewe ulikuwa unangoja siku gani?"

Aliyebaki hai katika nyumba ile ni mtoto wa kwanza wa kaka, kijana wa miaka 28 wakati ule, mkulima wa viazi na mwenye pikipiki ya kubeba abiria. Watoto wangu walimzoea mara moja. Aliwapeleka shambani saa moja asubuhi, umande umeganda juu ya majani, akawafundisha kuchagua mbegu: si kubwa, si ndogo, yenye macho mengi. Aliwaonyesha pareto, miti ya matofaa, na njia ya kwenda Kitulo. Uwanda ule ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ingawa Juni maua hayapo na yule mdogo alilalamika. Mbele ya kijana huyo watoto waliuliza maswali yote ambayo mbele yangu walikuwa wakiyameza. Ulikula nini? Nani alikufulia? Ulilia?

Nilikaa karibu nikasikiliza, maana mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilikuwa nikituma fedha.

Alisema kwamba baada ya mazishi ya mama yake, akina mama wa mtaa walijipangia zamu bila kikao. Kuni zilikuwa za mmoja, maji ya mwingine, na kila Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao zilipopigwa mnada nje ya kanisa, palikuwa na mzee mmoja aliyenunua kuku au debe la mahindi kisha akalipitisha kwa Bibi bila kusema neno. Mwinjilisti alimfundisha kusoma jikoni kwake, kabla ada ya shule ya msingi haijafutwa mwaka 2001, kwa kitabu cha nyimbo na gazeti kuukuu. Naye akajua kusoma kabla hajavaa sare. Mdogo wake hakubahatika. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, miaka mitatu baada ya kumzika.

Halafu akasimulia habari ya picha. Yapata mwaka 2003 waligeni wageni wa shirika fulani. Sikumuuliza jina na yeye halikumbuki. Watoto yatima walipangwa mstari, kila mmoja akapewa daftari jipya na kalamu avishike mbele ya kifua apigwe picha. Ilipokwisha kupigwa, daftari lilirudishwa, akapewa anayefuata. Aliisimulia akicheka kabisa. Mwanangu mdogo hakucheka. Alikwenda akaleta daftari lake la kurasa 96 akamkabidhi.

Mimi ninayo kabati nzima ya picha za namna hiyo, Baba Askofu. Siyo za kijiji chetu, lakini za namna hiyo hiyo. Tangu safari ile naziangalia nikitafuta kama mtoto ameshika kitu chake au kitu cha kuazima. Kwa wageni wetu nasema haya kwa heshima na shukrani, maana bila msaada wenu watoto wengi tunaowajua wasingefika kidato cha kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU mkoani Njombe kuwa asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati Tanzania Bara na Visiwani kwa pamoja kilikuwa asilimia 5.1. Hakuna usharika ungebeba mzigo huo peke yake. Lakini kabla gari la mradi halijafika kulikuwa na zamu ya kuni, na zamu hiyo haimo katika taarifa yoyote niliyowahi kuandika. Sikuwa na safu ya kuiwekea katika jedwali.

Tulikaa siku kumi na sita. Majuma mawili yalipokwisha watoto walilala kwa Bibi usiku mbili, wakirundikana kitanda kimoja. Hakuna aliyeugua, Mungu ni mwema, ila najua familia zilizokuwa waangalifu kuliko sisi na hazikupata neema hiyo, kwa hiyo silitaji kama ushujaa wetu. Tulirudi Morogoro siku mbili kabla shule kufunguliwa.

Msidhani mambo yakawa mepesi. Binti yangu alimsimulia rafiki yake habari za baba yake mkubwa, rafiki akamsimulia mama yake, na kwa kama mwezi mmoja yule mtoto alikatazwa kuja kwetu kula. Mwaka 2020, katika mji, katika familia inayoabudu nasi. Binti alilia. Mimi nilitamani kumwambia, unaona kwa nini nilisema ajali? Mama yake alinikanyaga mguu. Mtihani wa Oktoba alifaulu, lakini mwalimu wangu wa nyumbani anashikilia mpaka leo kwamba bila zile siku kumi na sita angepata zaidi katika hisabati. Hatujakubaliana juu ya hilo.

Sasa niwageukie wajumbe, maana mlinipa mada na hamkuniita kusimulia tu. Mwaka uliofuata, usharika ninaoabudu, niliomba watoto wa Kipaimara wapewe kazi moja ya likizo ya Juni. Waende kwa babu au bibi, aliye mbali au aliye karibu, na daftari moja, wakaulize nani amelala katika makaburi ya nyumbani na aliishije, na nani aliwalea waliobaki. Mzee mmoja wa kanisa alipinga. Alisema mtawatia watoto aibu, na baadhi ya wazee watafunguliwa vidonda ambavyo hakuna mchungaji karibu wa kuvifunga. Ana hoja. Tulikubaliana naye mambo mawili: mzazi aombwe kwanza, na hali ya kiafya ya mtu aliye hai isiulizwe kabisa, kwa kuwa hiyo ni siri yake. Pia palikuwa na watoto watatu wasio na bibi wala babu wa kuwaendea. Mama mmoja mjane wa Umoja wa Wanawake akasema waje kwake, ana makaburi ya kutosha kichwani. Hayo ndiyo maneno yake.

Nauli ndiyo tatizo. Mtoto wa hapa mjini ambaye bibi yake yuko Kigoma hawezi kwenda kwa daftari peke yake. Nimewasikia baadhi yenu wakisema fedha za semina zilizobaki zirudishwe kwa mfadhili. Mimi ningeomba wageni wetu, kama taratibu zenu zinaruhusu, mtufikirie tuzitumie kwa tiketi za basi. Najua tiketi ya basi ya mtoto kwenda kwa bibi yake haina kiashiria cha mafanikio. Nimejaribu kukitunga, mara tatu, na mara zote kilisikika kama uongo.

Mama yangu yu hai, anawasalimu. Nyumba ya kaka sasa anakaa mwanawe na mke wake, na mbegu za viazi zimehamishiwa kwingine. Yule kijana aliomba daftari la madeni libaki kwangu kwa sababu kwake panya ni wengi. Nimekuja nalo, liko pale mezani karibu na mlango pamoja na daftari la binti yangu, ambaye sasa amemaliza kidato cha nne na ndiye aliyeniruhusu kulileta. Mnaweza kuyatazama kabla ya chakula. Naomba tu mnawe mikono kwanza, kurasa za mwisho zile zimeanza kukatika.